Jeannette Rankin alipoteza vipi kiti chake?

SWALI: Jeannette Rankin aliwezaje kuingia Bunge la Marekani kabla wanawake wa nchi nzima hawajapata haki ya kupiga kura? Na ni kweli aling'olewa kwa sababu alipinga vita mwaka 1917? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Wakati ule kila jimbo liliweza kuamua lenyewe nani apige kura. Montana, kwao Rankin, iliwapa wanawake haki hiyo mwaka 1914, na yeye alikuwa mstari wa mbele kuidai. Jimbo lilikuwa na viti viwili katika Baraza la Wawakilishi, vyote vikigombewa na Montana nzima: mpiga kura anachagua majina mawili, na wawili wa juu wanapita. Utaratibu huo ulimbeba. Mfuasi wa Democratic aliweza kumpa mtu wa chama chake kura moja, na ya pili akampa Rankin wa Republican. Novemba 1916 alishika nafasi ya pili, akapita.

Tarehe 6 Aprili 1917 Baraza liliamua kuingia vitani dhidi ya Ujerumani kwa kura 373 dhidi ya 50. Wale wanaume 49 waliosema "hapana" pamoja naye wamesahaulika, na hiyo si haki. Kura ile ilimuumiza kweli. Ilimuumiza pia kuwatetea wachimbaji wa shaba wa Butte, mji wa Montana, ambako moto mgodini uliua watu 168 Juni mwaka huohuo; kampuni ya shaba ya Anaconda ilikuwa na nguvu kubwa katika siasa za Montana.

Lakini kiti chenyewe kilipotelea kwenye ramani. Montana iligawanywa maeneo mawili ya uchaguzi, kila moja na mbunge wake, na Rankin akaangukia magharibi, ngome ya Democratic. Ile kura ya pili haikuwepo tena. Ndiyo maana mwaka 1918 aligombea Seneti badala ya kutetea kiti. Alishindwa na Oscar Lanstrum kwenye kura za maoni za Republican, akasimama kwa chama kidogo cha National, akawa wa tatu.

Alirudi bungeni kwa uchaguzi wa 1940. Tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Japani kushambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, Baraza lilipitisha vita dhidi ya Japani kwa kura 388 dhidi ya 1, ile moja ikiwa yake. Ili kuukwepa umati wenye hasira, ilimbidi ajifungie kwenye kibanda cha simu, awaite polisi wamfikishe ofisini kwake. Mwaka 1942 hakugombea tena.