Angalia mwaka kwanza, halafu kurasa za usafiri

Mhariri, wiki hii mmeuliza mtu anayesafiri nje kwa pesa kidogo bila kampuni ya utalii anunue kitabu gani cha mwongozo, au siku hizi simu inatosha. Mi nasema kitabu, kimoja tu, na kichaguliwe kwa mwaka na kwa kurasa za usafiri, sio kwa kava wala picha za machweo. Nitatolea mfano India kwa sababu ndiko nilikozunguka zaidi, na huku Mombasa si rahisi kukosa jirani aliyewahi kwenda kule kwa matibabu au masomo.

Ukikishika kitabu dukani fungua nyuma ya ule ukurasa wenye jina, kuna maandishi madogo yanayosema ni toleo la ngapi na limetoka mwaka gani. Na ujue kilichotoka mwaka huu mwandishi alizunguka mwaka jana au juzi, manake kuandika na kuchapisha kunakula muda. India inabadilika mno. Novemba 2016 serikali ilifuta noti za rupia 500 na 1000 usiku mmoja, ya 500 ikarudi na sura mpya, ya 1000 ndo ikaenda moja kwa moja, ikaja ya 2000 ambayo nayo 2023 wakatangaza kuiondoa kwenye mzunguko. Kitabu kinachozungumzia noti ya elfu, weka chini. Kwenye treni ndo balaa. Stesheni ya Mughalsarai, ile wengi wanashukia wakienda Varanasi, tangu 2018 inaitwa Pandit Deen Dayal Upadhyaya, kwenye tiketi utaona herufi DDU, sasa mtu na kitabu chake cha zamani yuko dirishani saa nane usiku anasubiri kuona Mughalsarai ubaoni na haioni, na abiria wenzake akiwauliza bado wanaiita Mughalsarai, anazidi kuchanganyikiwa. Tiketi zenyewe zilikuwa zinafunguliwa siku 120 kabla ya safari, tangu Novemba 2024 ni 60.

Kuna njia nyingine ya kukipima. Hapohapo dukani chukua kitabu cha Kenya cha kampuni hiyohiyo usome kurasa za kwenu. Mi nasoma za Mombasa. Kama bado wanasifia ile treni ya zamani ya kulala usiku kutoka Nairobi na treni mpya ya SGR ilianza kubeba abiria 2017, rudisha. Kama SGR wameitaja lakini hawajakwambia inaishia Miritini na bado una safari ya kuingia kisiwani, hao hawajashuka wenyewe. Kama wanasema ukivuka na feri ya Likoni kwa miguu unalipa, na ni bure, ndo kabisaa. Najua aliyeandika India ni mtu mwingine, ila tabia ya kampuni utaiona.

Majina makubwa mnayajua. Lonely Planet ilianza 1973 na mume na mke waliovuka Asia kwa njia ya nchi kavu mpaka Australia, Rough Guides wakaja 1982 na hao historia wanaieleza vizuri, Bradt wa tangu 1974 ukitaka nchi ambazo wengine hawajisumbui nazo. Kwa India kile cha Lonely Planet kwa miaka mingi kimekuwa na kurasa zaidi ya elfu moja na begini utakisikia, wengine wanakata sehemu wanayokwenda wanabeba hiyo tu, mi roho inaniuma lakini naelewa.

Sasa kitu ambacho hivi vitabu vyote vinatuangusha ni kwamba havikuandikiwa sisi. Vimeandikiwa mtu wa Uingereza, Marekani au Australia. Ukienda kwenye viza unasoma habari za pasipoti yake, hiyo sehemu ruka, nenda tovuti ya serikali ya India yenyewe, ile inayoishia na gov.in, manake za kuiga ziko tele na zinakutoza mara mbili. Na homa ya manjano! Kwa mwandishi ni sentensi moja kule mwisho kwenye afya, "kama unatokea Afrika", basi. Kwa Mkenya hiyo ndo sentensi ya kwanza, bila kadi ya njano ya chanjo wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6, na chanjo inahesabika baada ya siku 10, kwa hivyo ukichoma jana ukapanda ndege leo hujafanya kitu. Ukiona kitabu kimeiandika mahali pa kuonekana, huyo mwandishi anajua dunia ina watu wengine.

Hoteli mi siziangalii sana, bei zimeshapitwa. Naangalia kama kinasema gesti za chini kabisa zingine hazipokei mgeni wa nje, kwa sababu mwenyewe anatakiwa kuijazia serikali fomu kwa kila asiye raia anayelala kwake na wengi hawataki shughuli hiyo. Kitabu kisichosema hilo kitakuzungusha na begi mgongoni mlango kwa mlango.

Halafu stesheni ya New Delhi. Kuna ofisi ya tiketi za wageni ghorofa ya kwanza, upande wa mtaa wa Paharganj, na kabla hujafika ngazi atakuja bwana na shati safi na kitambulisho shingoni, anakuita ndugu, anakwambia ofisi imefungwa, imehama, iliungua, twende nikupeleke ilipo sasa. Yule ni broka tu kama wa stendi za kwetu, anakupeleka kwa wakala wa tiketi za bei ya kuruka. Kitabu kizuri kinakwambia ghorofa gani, upande gani, na kinakwambia maneno ya yule bwana karibu neno kwa neno.

Mtasema simu nayo ingeniambia. Ingeniambia, sawa, lakini laini ya kule mgeni anaipata kwa pasipoti na picha na inaweza kuchukua muda kufunguka, na yule bwana unakutana naye siku ileile ya kwanza. Ikishafunguka, nauli na saa za treni naangalia kwenye simu. Na kama pesa hakuna kabisa, vya mtumba viko barabarani Nairobi, chukua cha miaka mitatu minne nyuma kwa ajili ya ramani na historia, ila usiamini bei hata moja.