Usivifungie vitabu kwenye plastiki ukisubiri upate nafasi ya kusoma

Mkuu, simamisha hilo zoezi. Kama boksi la kwanza umeshalifunga, lifungue usiku huu huu, ndipo uendelee kusoma hapa.

Umesema kazi imekubana, vitabu vinakula vumbi tu, kwa hiyo kila kimoja utakivika mfuko wa nailoni, utavipanga kwenye makasha ya plastiki yenye mfuniko, utavitia stoo, na siku ukipata likizo ndefu utavitoa uvisome vyote kwa mkupuo. Ukauliza na mengine kuhusu ratiba, kasi ya kusoma na kusoma kwenye simu. Mimi nimenasa kwenye hiyo nailoni, kwa sababu ulichopanga ndicho nilichokifanya, hatua kwa hatua, na kilinipotezea vitabu 63.

Nilikuwa nimeanza kazi mpya, natoka alfajiri narudi usiku. Kila nikipita mbele ya rafu nafsi inanisuta. Nikaona afadhali niviondoe machoni mpaka mambo yatulie. Dukani nilikokwenda kununua makasha, muuzaji akanihakikishia kwamba plastiki ikibanwa vizuri haiingizi kitu: si vumbi, si mdudu, si maji. Akaniongezea na mkanda wa gundi nizungushie mfuniko. Nikameza kila neno. Vitabu nilivifunga siku ya mvua, nimevitoa kwenye rafu iliyoegemea ukuta wa bafu, na sikuvipa hata saa moja ya kupigwa na hewa. Makasha nikayaweka stoo, sakafuni.

Vilikaa humo miaka 2 na miezi 3. Likizo zilikuja zikapita, kila moja na shughuli yake: msiba, kuhama, mtoto kuumwa. Ile wiki tulivu niliyoisubiri haikufika.

Nilipobandua mkanda, harufu ndiyo iliyonipokea, ule uvundo wa kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo. Ndani ya nailoni kulikuwa na matone madogo madogo, kama jasho kwenye paji la uso. Jalada la bluu la kitambaa lilikuwa limeota manyoya ya kijivu. Kitabu cha picha chenye karatasi za kung'aa kilikuwa kimegandana kikawa tofali. Nilipojaribu kutenganisha kurasa kwa ncha ya kisu, picha ya ukurasa mmoja ilinyofoka ikabaki imeng'ang'ania ukurasa wa pili.

Halafu nikaifikia kamusi ya mama. Mama alikuwa na tabia ya kuandika pembeni mwa kurasa kwa penseli: neno alilolisikia mahali, nani alilisema, na sentensi yake mwenyewe chini yake. Ukungu ulikuwa umepita humo humo. Kuanzia herufi M hadi S karatasi zilikuwa zimelegea, ukishika kona inabaki kidoleni. Niliketi chini pale stoo, sikufungua kasha jingine siku ile.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana hakuna aliyenieleza mimi. Karatasi hunywa unyevu wa hewani na kuutema, kila siku, hali ya hewa inavyobadilika. Ukiifungia ikiwa na unyevu wake, unyevu huo hauna pa kutokea. Kukiwa na joto unatoka kwenye karatasi, kukipoa unageuka matone kwenye plastiki, na matone yanarudi kwenye jalada. Mbegu za ukungu ziko hewani kila mahali. Hazihitaji tundu la kuingilia, umeshazifungia ndani pamoja na vitabu. Unyevu wa hewa ukikaa muda juu ya asilimia 65 hivi, ukungu unapata nafasi ya kuota. Kitabu kilicholowa kabisa, mahali penye joto, kinaweza kuanza kuota ndani ya saa 48. Mimi nilivipa miaka miwili.

Nilirudi kwa yule muuzaji. Nilitaka tu ajue, asije akamwambia mtu mwingine vile vile. Akanijibu kwamba labda mfuniko sikuubana sawasawa. Kuubana! Niliubana mno, ndicho kilichoviua. Bado inaniuma, kwa sababu mtu anayeuza kitu cha kuhifadhia ana wajibu wa kujua kinahifadhi nini na kinaozesha nini. Na kuna rafiki wa kazini aliyenishauri kwamba kusoma kunataka utulivu, bila wiki nzima ya kupumzika usijisumbue kufungua kitabu. Huyo naye alinipoteza, pengine kuliko muuzaji, maana ndiye aliyenifanya nione ni sawa kuvifungia.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa: nikachukua kitambaa kibichi nikaanza kufuta. Ukungu ukasambaa ukaingia ndani ya nyuzi za jalada, na madoa hayo hayajatoka mpaka leo. Kitabu chenye ukungu unakikausha kwanza mahali penye hewa na kivuli, ukishakauka kabisa ndipo unaupangusa kwa brashi laini, nje ya nyumba, umevaa barakoa. Vikiwa vingi vimelowa na huwezi kuvikausha vyote kwa pamoja, vitie kwenye friza, vinakusubiri bila kuoza. Lakini ukarabati ni safari ndefu. Mafuriko ya mto Arno ya tarehe 4 Novemba 1966 yaliingia maktaba ya taifa pale Firenze, Italia, na mafundi waliendelea kuvitengeneza vitabu vile kwa miongo kadhaa. Wale ni mafundi. Wewe na mimi tuna brashi na Jumapili jioni.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia kwenye kila uzi wa namna hii: kitabu kisimalize mwezi bila kufunguliwa. Kiweke kwenye rafu iliyo wazi, acha nafasi ya vidole viwili kati yake na ukuta, jua la moja kwa moja lisikipige, na kila mwezi kishike mkononi, pekua kurasa, nusa. Utaona doa likiwa bado dogo, na utamwona mchwa kabla hajafika sura ya tatu. Na ukishakifungua, mara nyingi utajikuta umesimama pale pale unasoma. Mimi kusoma kulinirudia hivyo hivyo, nimesimama mbele ya rafu na tambara la vumbi begani.

Sasa nina kitabu kimoja juu ya mto wa kulalia. Siwezi kulala bila kukishika, na asubuhi nakisoma dakika 10 kabla sijagusa simu. Kurasa 10 kwa siku ni kurasa 3,650 kwa mwaka, yaani vitabu 12 vya kurasa 300 hivi. Katika miaka ile miwili ya kusubiri likizo sikusoma hata kimoja.

Ukikichomoa kitabu kwenye rafu usivute ncha ya juu ya mgongo wake, sukuma vya jirani ndani kidogo ukishike katikati. Ukurasa uliochanika usiubandike selotepu, gundi yake inageuka njano na kuacha doa. Yale mengine uliyouliza, ya ratiba, kasi na kusoma kwenye simu, watakujibu wenzangu.

Kamusi ya mama niliikausha, nikaiwekea karatasi nyeupe kati ya kila ukurasa uliolegea. Kila mwezi naifungua na kunakili maneno yake machache kwenye daftari, nimefika herufi P.

Mkuu, fungua hayo makasha. Ukikuta madoa usiyaguse kwanza, eleza hapa yana rangi gani na kama karatasi ni kavu au mbichi, nitakujibu usiku huu.