Una seva zaidi ya mbili? Vyeti vya SSL visimamie sehemu moja

Wadau wa IT wa Dodoma na kwingineko, leo niongelee vyeti vya SSL, vile vinavyofanya tovuti ifunguke kwa https bila brauza kuleta onyo, manake naona wengi bado wanahangaika navyo kwa mkono, seva moja moja, na huko mbele mtateseka jamani.

Mimi kazi yangu ni kutunza mifumo ya watu hapa mjini, saccos, shule binafsi, gesti, na kuna kipindi niliitwa shule moja huku Nzuguni msimu wa wazazi kujaza fomu, tovuti inafunguka freshi ila ukibonyeza kulipia unakutana na onyo kwamba sehemu hii si salama, wazazi wanapiga simu wakidhani wameingia kwa matapeli. Kumbe cheti cha seva ya malipo kimeisha muda na meseji za kukumbusha zilikuwa zinaenda kwenye barua pepe ya fundi aliyeshahama kazi. Simlaumu yule fundi, shida ni kwamba hapakuwa na sehemu hata moja inayoonyesha vyeti vyote viko wapi na vinaisha lini.

Na hali inazidi kubana. CA/Browser Forum, ndio wanaopanga sheria za hivi vyeti, walipitisha Aprili 2025 kwamba kuanzia 15 Machi 2026 cheti kipya kisizidi siku 200, Machi 2027 siku 100, Machi 2029 siku 47. Let's Encrypt, wale wanaotoa vyeti vya bure, wao walianza na vya siku 90, na tangu Juni 2025 wameacha kutuma barua pepe za kukumbusha. Sasa una seva nane, kwa mkono utaweza?

Ninavyofanya, natenga seva moja ndogo isiyo na tovuti ya mteja yeyote, hiyo ndiyo inaomba na kurinyuu vyeti vyote kwa programu ya acme.sh (Certbot nayo ni sawa tu), na uhakiki kwamba domeni ni yako naufanya kwa DNS, ule mfumo unaoelekeza jina la tovuti, yaani programu inaweka rekodi ya maandishi (TXT) inaitwa _acme-challenge kwenye domeni, watoa vyeti wanaisoma, cheti kinatoka. Hapo hata mfumo wa ndani ya ofisi usioonekana mtandaoni unapata cheti, huhitaji kuufungulia porti 80, mlango wa tovuti za http. Ila kabla hujalipia domeni muulize muuzaji kama DNS yake ina API, yaani njia ya programu kuibadilisha yenyewe, kama haina weka CNAME (rekodi ya kuelekeza jina moja kwenda jingine) ya hiyo _acme-challenge ielekee domeni nyingine yenye API, inafanya kazi vizuri kabisa.

Halafu msichukue cheti kimoja cha nyota (wildcard, kinachofunika majina yote ya chini ya domeni moja) mkakisambaza kila seva, naona watu wanapenda sana, ufunguo wa siri ukiibiwa seva moja zote zimeenda na maji. Kila seva iwe na chake, na ije kukichukua kwenye foda yake tu katika ile seva ndogo, kwa ssh (njia salama ya kuingia seva nyingine).

Wa Windows, IIS, programu ya Windows ya kuendesha tovuti, tangu Windows Server 2012 ina Centralized Certificates, faili zote za pfx (cheti pamoja na ufunguo wake) zinakaa foda moja ya shea na IIS inatafuta kwa jina la faili, kwa hiyo tovuti ya www.mfano.co.tz faili iitwe www.mfano.co.tz.pfx, ya nyota iitwe _.mfano.co.tz.pfx, na kama umeweka paswedi iwe moja kwa faili zote. Ukikosea herufi moja kwenye jina hakipatikani.

Kitu kinachowakamata wengi ni hiki, faili jipya limefika kwenye seva lakini nginx, programu inayoendesha tovuti, bado imeshika cheti cha zamani kwenye memori mpaka uipe reload, kwa hiyo ukiangalia tarehe ya faili utajidanganya. Angalia kutoka nje kama mgeni anavyoona, openssl s_client -connect mfano.co.tz:443 -servername mfano.co.tz, nina skripti inayopita domeni zote kila asubuhi kutoka mtandao mwingine, zikibaki siku chini ya 20 naletewa meseji, na kwa kuwa narinyuu zikibaki 30, hiyo meseji ikija ujue kuna kitu kimekwama na muda wa kukitafuta bado upo.

Na akaunti za domeni na DNS zisajiliwe kwa barua pepe ya taasisi inayofunguliwa na watu wawili au zaidi, msikubali ikae kwa fundi, hata kama fundi ni mimi.