Jibu la msomaji: Baridi humshika aliyesimama

Mhariri, katika swali lenu la wiki mmeuliza: mtu anayetaka kuandaa mbio ndogo za njia za porini wakati wa baridi kali, za watu thelathini au arobaini, bila wadhamini wala mbwembwe, aanze na nini? Aanze na chumba. Chumba chenye mlango unaofungwa, chenye joto, kilicho hatua chache kutoka mstari wa kumalizia. Njia ndiyo ifuate chumba. Wengi hufanya kinyume: wanachora njia nzuri inayopita kileleni na kando ya mto, halafu siku tatu kabla ya mbio wanahangaika kutafuta hema.

Anayekimbia hutoa joto jingi, kiasi kwamba hata penye barafu shati la mikono mirefu na jaketi jepesi humtosha. Akisimama, joto hilo hukatika lakini jasho linabaki kwenye nguo, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka kuliko nguo kavu. Muda si muda vidole vyake havifungi tena zipu. Kwa hiyo kila jambo la mbio hizi nalipima kwa swali moja: hapa nani atasimama akiwa amelowa, na kwa dakika ngapi?

Kwa kipimo hicho, mzunguko mfupi ndio bora. Mzunguko wa kilomita 7 ukikimbiwa mara mbili humrudisha kila mtu chumbani katikati ya mbio. Anayehitaji glavu kavu anazipata, anayetaka kuacha anaachia mlangoni, na nje kituo kimoja cha wasaidizi kinatosha. Njia inayoanzia hapa na kuishia kule inadai magari ya kuwarudisha watu, na anayesubiri gari ni mtu aliyesimama. Kama kuna kijito cha kuvuka kwa miguu, kiwe ndani ya kilomita ya mwisho, au kikwepwe kabisa. Madaraja ya mbao nayo yaangaliwe kwa jicho kali: ubao hupoa juu na chini, hivyo huteleza wakati udongo ulio mita mbili kando yake bado ni salama. Mwaga mchanga au majivu asubuhi ya mbio. Ukimwaga jana yake, theluji ya usiku itafunika kazi yako.

Halafu kaa na saa uhesabu kurudi nyuma. Tuseme jua linazama saa 10:30 jioni. Mkimbiaji wa polepole kwenye theluji iliyoshindiliwa mpe dakika 12 kwa kilomita. Kilomita 14 ni saa mbili na dakika 48, yaani karibu saa tatu. Mkianza saa 4:00 asubuhi, wa mwisho anaingia saa 7:00 mchana, na mnabaki na saa tatu na nusu za mwanga kama itabidi kumtafuta mtu. Usishawishike kuchelewesha mbio ili watu walale kidogo zaidi. Mwanga huo ndio akiba yako pekee. Weka muda wa mwisho wa kuanza mzunguko wa pili, hapa ingekuwa saa 5:30, na tangaza mapema kwamba hauna mjadala. Theluji laini ya kufika vifundoni huvuruga hesabu yote hii, kwa hiyo jana yake mtu apite mzunguko mzima akiwa na saa mkononi.

Alama za njia zinastahili kazi kuliko kitu kingine chochote cha nje. Unga na chokaa havionekani kwenye theluji wala kwenye nyasi zenye umande ulioganda. Tepe nyeupe hazifai, za bluu hupotea kivulini, nyekundu iliyokolea huonekana nyeusi mwanga ukipungua. Zinazobaki ni za waridi kali au za rangi ya chungwa inayong'aa. Zifunge kwenye matawi, kati ya kifua na macho. Vibendera vya kuchomeka ardhini humezwa na theluji ya usiku mmoja. Kata vipande vya sentimita 40. Vifupi zaidi havionekani, na virefu zaidi upepo huvizungusha kwenye tawi mpaka vinakuwa fundo.

Penye njia iliyonyooka, tepe moja kila mita 200 inatosha. Njia panda ndiyo inayokula tepe: mbili mita 20 kabla ya kona, zote upande wa kugeukia, moja kwenye kona, moja ya kuthibitisha ndani ya mita 30 baada ya kona, na moja ndefu inayokata njia isiyo sahihi. Mzunguko wa kilomita 7 wenye njia panda 15 unataka tepe 35 za njia iliyonyooka na 75 za kona, jumla 110. Beba 130, na andika zilizofungwa na zilizorudi mfukoni. Ile ya kuthibitisha ndiyo inayosahaulika sana, nayo ndiyo inayookoa. Mkimbiaji aliyeinamisha kichwa kwenye upepo anaweza kuipita kona bila kuiona, lakini akizoea kukuta tepe baada ya kila kona, atashtuka akiikosa na kurudi.

Vifaa vya lazima viwe vichache na vikaguliwe kwa macho: jaketi la kuzuia upepo na maji, kofia, glavu, blanketi jembamba la dharura, filimbi, na simu iliyo ndani ya nguo karibu na mwili, kwa sababu betri ikipoa huzima hata kama ilikuwa na chaji. Usiulize "unazo?" Sema "nionyeshe." Tarehe 22 Mei 2021, huko Baiyin katika mkoa wa Gansu nchini China, wakimbiaji 21 kati ya 172 walikufa katika mbio za kilomita 100 baada ya mvua ya mawe, mvua ya baridi kali na upepo kuwakuta kwenye mlima ambao magari hayakuweza kuufikia. Jaketi la kuzuia upepo lilikuwa kwenye orodha ya vitu vinavyopendekezwa, halikuwa la lazima. Na huo ulikuwa mwezi wa Mei. Mvua yenye upepo kwenye nyuzi 3 za Selsiasi inanitia hofu kuliko nyuzi 8 chini ya sifuri zilizo kavu na tulivu. Upepo wenyewe unahesabika: kwa kanuni inayotumika Kanada na Marekani, nyuzi 5 zenye upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi huzihisi kama sifuri, na nyuzi 10 chini ya sifuri kwa upepo huohuo huhisiwa kama 20 chini ya sifuri. Filimbi nayo ielezwe matumizi yake: milio sita ndani ya dakika moja, kimya kwa dakika moja, kisha sita tena, anayesikia hujibu kwa milio mitatu.

Namba za wakimbiaji zigawiwe ndani, na pini zifungwe humohumo, kwa sababu pini nne kwenye vidole vilivyokufa ganzi ni mateso. Namba ivaliwe pajani. Ya kifuani itafunikwa mara tu mtu atakapoongeza jaketi, na mwandishi wa kituo ataishia kubahatisha. Maelezo yote ya mbio yatolewe chumbani kwa dakika tano. Kisha watu watoke, wahesabiwe wakipita mlangoni, na mbio zianze mara moja. Hotuba ya dakika kumi kwenye mstari wa kuanzia huwatoa watu joto lote walilolipata kwa kupasha misuli. Idadi ya waliotoka mlangoni ndiyo namba utakayoishika mpaka jioni. Orodha ya waliojiandikisha haisaidii, maana wapo ambao hawakuja.

Wasaidizi huumia kuliko wakimbiaji, nao huwa hawasemi. Wao kazi yao ni kusimama. Kituo cha nje kiwe na watu wawili, wabadilishwe kila baada ya dakika 90, na wasikanyage ardhi tupu: ubao, godoro jembamba la sponji, hata maboksi yaliyokunjwa mara tatu husaidia, kwa kuwa baridi nyingi huwapandia kutoka nyayoni. Wape karatasi yenye namba ya kituo, vipimo vya mahali kwa ramani ya simu, na maelezo ya mahali gari linapoweza kufika. Mtandao wa simu ujaribiwe palepale kituoni. Mita hamsini bondeni zinaweza kuukata kabisa.

Jiko la gesi la kubebea huaibisha wengi. Mitungi midogo ya bei nafuu mara nyingi hujazwa butani, nayo huchemka karibu na nyuzi 0.5 chini ya sifuri. Chini ya hapo hubaki kimiminika. Mtungi ukiutikisa unasikia umejaa, lakini moto hauwaki, au huwaka dhaifu kama mshumaa. Propani huendelea kuwa gesi mpaka kama nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo tafuta mtungi wa propani au mchanganyiko uliotengenezewa baridi. Lililo rahisi zaidi ni kuchemsha maji ndani na kuyabeba kwenye chupa kubwa za chai. Watu 40 kwa nusu lita ni lita 20, wasaidizi kumi kwa lita moja ni lita 10. Chupa sita za lita tano zinatosha. Kabla ya kujaza, mimina maji yanayochemka ndani ya kila chupa, funga kwa dakika kumi, mwaga, ndipo utie chai ya sukari au mchuzi wenye chumvi. Chupa iliyolala kwenye baridi, bila hatua hiyo, huiba joto la kwanza lote. Waelekeze wakimbiaji wabebe chupa zao za maji kichwa chini: barafu huanzia juu, hivyo mdomo hubaki wazi. Wenye mfuko wa maji mgongoni wapulize maji yarudi mfukoni kila wakinywa, la sivyo mrija utaziba.

Kama kwa lazima unatumia hema, usiingize jiko la mkaa wala jenereta hata kwa dakika moja. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka humo, haina harufu, na watu waliochoka na kusinzia hawatashangaa mwenzao akisinzia zaidi.

Kwenye mstari wa kumalizia, tumia penseli. Wino wa kalamu hugoma, na kioo cha simu hakisikii glavu wala kidole kilicholowa. Saa za kupimia ziwe mbili, za vitufe, zianzishwe pamoja. Mmoja anasoma muda kwa sauti, wa pili anaandika muda na namba. Mtu mmoja kufanya yote mawili hushindwa pale watatu wanapoingia pamoja. Anayeacha mbio naye lazima aandikwe, tena aseme mwenyewe mbele ya mwandishi. Kinachowapeleka waokoaji msituni usiku bila sababu ni mtu aliyeacha, akapanda gari lake, akaenda kuoga. Nyuma ya wote awepo mkimbiaji wa kufunga safu, mwenye blanketi zito, jaketi la ziada na redio, na asimpite mtu yeyote.

Aliyemaliza asiachwe apige soga nje. Mfuko wake wa nguo kavu uwe umepangwa kwa namba karibu na mlango. Abadilishe kwanza, anywe baadaye. Mtazame mikono na midomo. Anayekokota ulimi, anayejikwaa pasipo na kitu, anayeangusha kikombe, mwili wake unapoa. Chini ya nyuzi 35 ni dharura. Mtoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mfunike, weka kitu kati yake na sakafu, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu na anameza vizuri. Usimpe pombe, usimsugue. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, usidhani amepona: hali imezidi, piga simu ya dharura na mshike taratibu kama yai. Ngozi iliyogeuka nyeupe na ngumu kama nta isisuguliwe pia, wala isipashwe moto ikiwa itarudi tena kwenye baridi.

Kiwango cha kuahirisha kiandikwe wiki mbili kabla, wakati hakuna mtu aliyesafiri na hakuna anayekusihi: upepo kiasi gani, mvua kiasi gani, na nani ana neno la mwisho. Uwe na njia ya pili, fupi, ya bondeni. Amua usiku wa kuamkia, angalia tena saa mbili kabla ya kuanza. Mbio ndogo zina faida hapa, kwa kuwa kuwapigia watu 40 simu ni kazi ya nusu saa.

Wa mwisho akishaandikwa na hesabu ikalingana na ile ya mlangoni, wawili waingie njiani kukusanya tepe kabla giza halijaingia, huku wakizihesabu. Zikipungua mbili, wataje zilikosekana kati ya njia panda ipi na ipi, ili atakayekwenda kesho yake ajue pa kuanzia.