Laptopu ya Intel au ya ARM? Anza na printa

SWALI: Nina duka la steshenari Morogoro. Natumia laptopu ya Intel yenye Windows 10, na printa ya leza ya zamani ya waya wa USB. Muuzaji ananishawishi nichukue laptopu ya Snapdragon, eti betri inakaa kutwa. Printa yangu itakubali?

JIBU: Kwenye betri hajakudanganya. Kuhama Windows 10 nako umechelewa kidogo, maana masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma Oktoba 14, 2025. Wasiwasi wetu uko kwenye hiyo printa.

Prosesa za Intel na AMD zinaelewa lugha moja ya maagizo, x86, iliyoanza na chipu ya 8086 mwaka 1978. Snapdragon inaelewa nyingine, ARM. Windows 11 ya ARM ina mkalimani wake, Prism, aliyekuja na toleo la 24H2. Programu nyingi za x86 hufunguka kupitia kwake, ingawa kasi hupungua. Draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuiendesha printa, haitafsiriwi. Ni lazima itengenezwe kwa ARM64 tangu mwanzo, la sivyo printa itabaki imewaka tu bila kuchapa.

Kabla hujatoa hela, ingia tovuti ya mtengenezaji, andika modeli ya printa, utafute draiva iliyoandikwa ARM64. Ukikuta x64 peke yake, hiyo ni ya Intel na AMD. Wengi huponzwa hapa: wanaona 64 pande zote mbili, wanadhani ni kitu kimoja. Kagua hivyohivyo skana na kidude chochote cha leseni kinachochomekwa kwenye USB. Printa mpya za mtandao zenye Mopria (kiwango cha pamoja cha kuchapa) hazina tabu hiyo, kwa kuwa Windows inazo draiva zake za jumla.

Kwa duka lako, chukua Intel au AMD yenye RAM ya GB 16. Umeme ukikatika printa ya leza inazimika, kwa hiyo betri ya kutwa nzima haitakuchapia hata ukurasa mmoja.

SWALI: Nimejenga imeji ya Docker (kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji) kwenye MacBook ya M2. Seva yangu ya Intel inaikataa na kuandika "exec format error". Na kwa nini naambiwa nichague amd64 wakati seva si ya AMD?

JIBU: M2 ni ARM, kwa hiyo imejenga imeji ya ARM. Andika uname -m kwenye seva. Ikijibu x86_64, ambalo ni jina lingine la amd64, rudi kwenye Mac ujenge upya hivi:

docker buildx build --platform linux/amd64 -t jina .

Nukta ya mwisho ni sehemu ya amri, usiiache. Ujenzi utachukua muda mrefu zaidi kwa sababu Mac inaigiza prosesa isiyo yake.

Kuhusu jina: mwaka 2001 Intel ilitoa Itanium, prosesa ya biti 64 yenye lugha mpya kabisa, na programu za zamani za x86 zikawa zinajikokota juu yake. Mwaka 2003 AMD ikaleta Opteron, iliyoongeza biti 64 juu ya x86 ileile, na programu za zamani zikaendelea kukimbia kama kawaida. Wateja wakaelekea huko. Mwaka 2004 Intel yenyewe ikaanza kuuza prosesa za mpangilio huo wa AMD, na ndiyo maana seva yako ya Intel inaitwa amd64.