Maswali na Majibu ya Fasihi: Tupa Ndani ya Mkate wa Wishwa

*Mwalimu, tashbihi na istiara hunichanganya kila mtihani. Nizitofautishe vipi? (Mwanafunzi wa sekondari, Malindi)*

Tashbihi ina kiunganishi: kama, mithili ya, mfano wa, ja. "Maneno yake makali kama tezo ya fundi wa Matondoni" ni tashbihi. Kiondoe, useme "maneno yake ni tezo," umepata istiara. Basi. Ila ukishaitaja jina, mwanangu, usiweke kalamu chini. Eleza hiyo tezo imechonga nini pale ndani ya hadithi, maana alama ziko huko. Na huyu simba anayefananishwa na kila shujaa, tafadhali, apumzike kidogo.

*Kisa cha shujaa Fumo Liyongo tumekisikia tangu utotoni, na mwisho wake twaujua. Mbona bado chatushika? (Mama wa Langoni, Lamu)*

Kwa sababu taharuki haitaki msikilizaji awe gizani, bi. Yataka ajue jambo ambalo mhusika halijui. Liyongo yuko kifungoni. Vyakula vizuri anavyoletewa na kijakazi Saada, walinzi huvila wao. Mama mtu afanya mkate mkubwa wa wishwa, tupa, chuma cha kukerezea, kaificha ndani. Walinzi wauona ule mkate wa makapi, waudharau, waupitisha. Sisi twajua kilichomo. Kisha ngoma ya gungu yapigwa nje kwa kishindo, na ndani tupa yakereza pingu bila kusikika. Nani atainuka kwenda kulala hapo?

Sasa tazama mwisho. Mwanawe mwenyewe amchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, akiwa usingizini. Liyongo aamka, ashika upinde, apiga goti karibu na kisima, atia mshale, na roho yatoka vivyo hivyo. Watu wa mji hawathubutu kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai na ameghadhibika. Hiki ni kinaya kile kile cha mkate, ila kimegeuzwa: mwanzo adui hawaogopi kitu ambacho wangepaswa kukiogopa, mwisho wanaogopa maiti. Watu huikumbuka sindano. Mimi nakipenda kisima zaidi.

*Natunga hadithi juu ya nyumba ya babu huku Pate. Nimeandika kwamba zamani ilikuwa nzuri mno na sasa imeharibika. Mwenzangu kasema haina taswira. Anataka nini? (Mtunzi chipukizi, Pate)*

Mwenzako kasema kweli. "Nzuri mno" hatuwezi kuiona. Na wewe uko Pate, kwenye magofu yenyewe! Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake Al-Inkishafi, alitaka kuonyesha jinsi fahari ya mji huo ilivyopita. Akavitazama vidaka vya ukutani: palipopangwa vyombo vya kaure sasa hulala makinda ya ndege. Kitu kimoja, hali mbili, na msomaji hujaza miaka ya katikati mwenyewe. Ingia nyumba ya babu, uchague kitu kimoja tu: kizingiti, ndoo ya kutekea maji birikani, hata msumari alipotundika kanzu. Kisha lile neno "imeharibika" ulifute, halina kazi tena.

*Sadfa ni kosa? Mhusika wangu anafilisika, halafu anaokota pochi yenye pesa gatini Mokowe. (Nahodha, Shela)*

Si kosa, bwana nahodha, inategemea yamfanyia nini mhusika. Sadfa ikimtia matatani, msomaji huikubali upesi. Ikimwokoa, huona ameibiwa. Kwa hiyo pochi iokotwe mapema, kabla hajafilisika, na mwenye pochi awe amekaa naye mashua moja kuvuka kuja Lamu, akihangaika kupapasa mifuko.