Ukipewa kazi ya kuandaa mchezo wa kusaka hazina ofisini

Mara ya kwanza nilipoandaa mchezo huu kwa wafanyakazi wenzangu, ndani ya Mji Mkongwe, Unguja, nilificha karatasi kumi za mafumbo ya kuwaongoza watu hadi kwenye hazina, nikagawa makundi, nikapuliza filimbi. Nusu saa baadaye vijana wa mauzo walikuwa wameshamaliza. Mama mmoja wa uhasibu nilimkuta bustani ya Forodhani amekaa peke yake, kalindishwa mikoba ya kundi lake. Iliniuma sana. Nawaandikia ninyi mnaoanza ili siku yenu asiwepo mtu wa kulinda mikoba.

Kosa langu lilikuwa kwenye mafumbo: yalihitaji miguu tu. Na mengine yalijibiwa na simu. Ukiandika "nyumba ya Sultani Barghash ya mwaka 1883", intaneti itawatajia Beit al-Ajaib kabla hawajainua kichwa. (Hapo msisogeze watu karibu, sehemu ya jengo iliporomoka Desemba 2020.) Tunga fumbo linalotaka ujuzi ambao mtu anao tayari na wenzake hawaujui. Mwaka uliofuata niliandika "Japo sipati…" na kuwaambia watafute sokoni Darajani kanga yenye jina hilo, walete maneno yaliyobaki. Yule mama alijibu palepale: "tamaa sikati." Kisha akawaongoza hadi dukani, na vijana wakamfuata yeye.

Kundi likikwama, fuateni desturi ya vitendawili: wakishindwa, watoe mji. Kwangu mji ni pointi tano. Wakishalipa wanapewa jibu na kuendelea. Hiyo inasaidia kuliko kuwaacha juani wakilaumiana.

Kundi liwe la watu watano, wa idara tofauti, na kila kundi lianzie kituo chake, la sivyo watafuatana kama siafu. Pita njia yote mwenyewe, saa ileile mtakayocheza. Vichochoroni kuta ni ndefu na ramani ya simu hupotea, kwa hiyo chora yako. Epuka wakati wa swala ya adhuhuri, na Ijumaa ndiyo kabisa. Usifiche kitu msikitini wala mlangoni kwa watu. Kama fumbo linampeleka mtu kwa muuza kahawa, nenda kwanza ukamwombe, naye umlipe muda wake.

Kuna mahali sipaweki mchezoni: Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hapo watu waende siku nyingine, kwa utulivu. Sikubali mtu apite pale mbio akitafuta pointi.

Sasa hazina yenyewe. Nilianza na bahasha ya pesa kwa mshindi, na maneno yakaendelea ofisini wiki nzima. Siku hizi natumia sanduku lenye kufuli ya tarakimu nne, makundi manne, kila moja likirudi na tarakimu moja. Hakuna kundi linaloweza kulifungua peke yake, kwa hiyo waliotangulia huwarudia wenzao vichochoroni kuwasaidia. Ndani naweka tiketi za chakula cha jioni Forodhani, moja kwa kila mtu.

Kufuli nunua mbili, uzijaribu nyumbani. Moja iliwahi kunigomea watu wote wakiwa wamenizunguka.